Mombasa ni kisiwa, jamani: siku nne za kutembea ukifuata maji

#1 MwanaKibokoni

Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Wiki iliyopita binamu yangu alikuja Mombasa na mkewe kutoka Eldoret, siku tano nzima. Siku ya mwisho nampigia simu tuonane, naambiwa wako kituoni Miritini wanangoja treni. Nikamwuliza, "Mmeona nini huku kwetu?" Akasema wameona bahari na bwawa la kuogelea. Hakutembea hata hatua moja hapa kisiwani. Iliniuma. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, nyumba ya nyanya yangu iko hatua chache kutoka Ngomeni (Fort Jesus), na mtu wa damu yangu amekuja mpaka mlangoni akageuka.

Basi uzi huu ni wake na wa kila anayepanga kuja likizo. Nimeupanga kwa siku nne, lakini msiufuate kama ratiba ya shule. Kitu kimoja tu nawaomba mkishike: huku mambo hupangwa kwa maji. Maji yakijaa wafanya hili, yakipwa wafanya lile. Wageni hupanga kwa saa, halafu wanafika ufukweni saa nne asubuhi na kukuta bahari imekwenda zake mbali.

Siku ya kwanza ni Mji wa Kale, kwa miguu. Fikeni Kibokoni saa moja asubuhi, jua halijawa kali. Kwanza mahamri na mbaazi. Mahamri yana iliki ndani, ukiyapasua mvuke unatoka, na mbaazi zimepikwa kwa tui zito. Mkishashiba, Ngome inafunguliwa saa mbili.

Fort Jesus sisi twaiita Ngomeni tu. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Hayo mtasimuliwa na kila mtu. Mimi nataka mwende kwenye michoro ya ukutani. Askari wa Kireno waliokuwa wakilinda ngome walichora kwa makaa na rangi nyekundu: meli, samaki, watu. Mistari mingine imepinda, mingine imeishia njiani, waona kabisa kwamba huyu alikuwa mtu mpweke aliyekaa zamu akiiwaza meli ya kumrudisha kwao. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alitupitisha haraka kwenda kwenye mizinga, sikuiona. Nimeiona nikiwa na miaka thelathini, na tangu siku hiyo kila mgeni wangu nampeleka pale kwanza.

Kisha pandeni juu ya ukuta upande wa bahari. Waomani waliizingira ngome hii kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ukisimama pale juu waelewa kwa nini ilichukua muda wote ule: chakula na askari vilikuja kwa bahari, na bahari iko chini ya miguu yako. Meli moja ya Kireno iliyoleta msaada, Santo António de Taná, ilizama papo hapo mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyoopolewa humo vimewekwa makumbusho mle mle ndani. Waingereza nao waliifanya jela tangu 1895 mpaka 1958. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, aliiita "jela" mpaka siku yake ya mwisho.

Mkitoka, ingieni barabara ya Ndia Kuu polepole. Msijaribu kuona milango yote. Chagueni mmoja, msimame mbele yake. Ule ubao ulionyooka katikati, kati ya mbao mbili za mlango, unaitwa mfaa, na ndipo fundi alipomwaga ujuzi wake. Tazameni fremu: mnyororo umechongwa kiungo kwa kiungo kuzunguka mlango mzima, na juu yake maua yanafuatana bila ua moja kufanana kabisa na jenzake. Halafu mwangalie karibu na komeo, pale mikono ya watu ilipogusa miaka na miaka. Mbao imekuwa laini na nyeusi kuliko kwingine kote. Mlango wa jirani yetu uko hivyo, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni rangi.

Endeleeni mpaka Msikiti wa Mandhry, unaosemekana ni wa 1570, na mnara wake mweupe. Kama ni Ijumaa, jueni maduka mengi yanafungwa adhuhuri kwa sala, kwa hiyo malizeni kabla. Jioni nendeni Mama Ngina, pale ukingoni mwa bahari, mkapate upepo na muhogo. Palikarabatiwa na kufunguliwa upya 2019, lakini watu wa rika langu bado twapaita Lighthouse.

Siku ya pili ni ya bahari. Siku ya tatu kaskazini, ya nne ng'ambo ya Likoni. Hizo naziandika kesho nikitoka kazini, na wenye ujuzi wakitangulia, wasinisubiri.

#2 MamaWawili_Nakuru

Asante sana ndugu kwa kuandika. Tunakuja Agosti shule zikifungwa. Niko na watoto wawili, wa miaka sita na kumi, na mama yangu ana miaka sabini na moja na magoti yanamsumbua. Hajawahi kuona bahari. Amekuwa akiiongelea tangu nikiwa mtoto.

Tumelipia nyumba Bamburi siku sita. Naogopa nisije nikamchosha mama kwa kutembea, na sitaki pia akae tu kwenye kiti kila siku akingoja sisi. Ni nini anaweza kuona na magoti yake? Na hiyo maneno ya maji, mnijulishe vizuri, mimi ni mtu wa milimani.

#3 Kijana_wa_Jiji

Mimi nimeenda mara tatu na nitasema ukweli wangu. Kama una siku chache, nenda Diani moja kwa moja. Mchanga mweupe, maji safi, unapumzika. Mji wa Kale nilienda mara moja: joto, pikipiki zinapita kwa vichochoro, na jamaa alinifuata nusu saa akisema yeye ni mwongoza watalii, mwishoni akadai elfu mbili. Nilikasirika siku nzima. Watu wanakuja likizo kupumzika, si kusoma historia.

#4 MwanaKibokoni

@Kijana_wa_Jiji pole kwa yaliyokupata, na kwa dhati naona aibu kwamba yalikupata mtaani kwetu. Ukirudi, mwongozaji umtafute pale pale Ngomeni kwenye mlango wa kuingilia, mwenye kitambulisho, na mpatane bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Anayekufuata njiani mwambie "asante, mimi mwenyeji" na uendelee.

Diani ni pazuri, siwezi kukataa. Ila Diani ni kama kilomita thelathini na kitu kutoka hapa, na mchanga mweupe wapatikana pia Zanzibar, Watamu, Lamu. Mfaa wa mlango wa Ndia Kuu hauko Diani. Nalisema hili kwa sababu nyumba hizi zinabomoka. Kila mwaka naona roshani moja ya mbao imeanguka na mahali pake pamepandishwa ghorofa la simiti. Wageni wakija kuzitazama, wenye nyumba wanapata sababu ya kuzitengeneza.

@MamaWawili_Nakuru mama yako ataona mengi, usiwe na wasiwasi. Ngomeni uwanja wa ndani si mgumu kutembea, ngazi ziko ukipanda ukutani tu. Ndia Kuu tuktuk inapita, mwambie dereva aende taratibu na asimame mtakapotaka. Kuhusu maji, namwachia mzee wetu @Nahodha_Mstaafu kama yuko macho.

#5 Nahodha_Mstaafu

Nipo. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Mwanangu wa Nakuru, nisikilize vyema. Bahari ya huku yajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku nyakati zasogea mbele kama dakika hamsini. Ndiyo maana leo ukioga saa tisa raha, kesho kutwa saa hiyo hiyo maji si kama ya leo.

Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji yajaa sana na yapwa sana, tofauti yaweza kupita mita tatu. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hukauka yapata saa nne au saa tano asubuhi na kujaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na nyakati zageuka, asubuhi saa nne maji yamejaa, alasiri yamepwa. Ukishika hilo huhitaji karatasi. Tazama mbinguni usiku, utajua kesho ufanye nini.

Sasa kazi yake. Ukitaka boti ya kioo na kuona samaki kwenye hifadhi ya bahari, nenda maji yakiwa chini. Mwamba wa matumbawe wakaribia kioo, maji yametulia kwa sababu mawimbi yavunjikia nje. Ukitaka kuoga na watoto ufukweni, nenda maji yakijaa, mchanga uko chini na huendi mbali. Hifadhi ile ni ya tangu 1986, malipo yake ni ya KWS, shirika la wanyamapori, kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, mbali na pesa ya boti. Uliza kama bei uliyopewa imejumuisha yote mawili.

Agosti ni kusi. Upepo wavuma kutoka kusini, bahari ina mawimbi kidogo na maji hayang'ai kama Januari wakati wa kaskazi. Mwani pia huletwa ufukweni. Usikate tamaa kwa hayo, hali ya hewa yenyewe ni baridi ya kupendeza na mama yako hatapigwa na joto. Nendeni mapema, upepo huzidi mchana.

Mambo matatu shariti uyafuate. Viatu vya mpira kwa kila mtu, kwa sababu ya wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, mmoja akikuchoma likizo imekwisha. Msikanyage mwamba, ni kitu hai na huchukua miaka mingi kurudi. Na mahali mwamba ulipokatika, twapaita mlangoni, msiogelee karibu maji yakitoka, yakokota hata mtu mzima.

Na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, msimtoe majini kwa ajili ya picha. Vijana wa boti huwapa wageni wamshike. Kataeni kwa upole.

#6 Mtu_wa_Dodoma

Shikamoo mzee. Maelezo kama haya sijawahi kuyapata popote.

Naongeza kisa changu. Mwaka juzi tulikuja watu sita. Kampuni moja ya boti, siitaji, ilituahidi samaki wa rangi zote. Wakatutoa saa nane mchana na mwezi ulikuwa mpevu. Sasa ndiyo nimeelewa! Maji yalikuwa yanapanda kwa kasi, chini ya kioo tuliona ukungu wa kijani na mchanga unaozunguka. Mwanangu alilala kifudifudi juu ya kioo dakika arobaini akingoja samaki. Sikujua hata cha kulalamikia, nilidhani ndivyo bahari ilivyo.

Desemba tunarudi kwa basi kupitia Tanga. Naomba kuuliza kuhusu kivuko cha Likoni, na kama kisiwa cha Wasini kinafaa kwa safari ya siku moja kutoka Mombasa. Halafu bajaji mnaziita tuktuk, siyo?

#7 MwanaKibokoni

Naam, tuktuk ni hizo hizo bajaji zenu.

Pole kwa mtoto. Tafadhali mrudishe tena, safari hii asubuhi ya bamvua.

Kwenu nyinyi nina ushauri ambao watu wa Nairobi hawawezi kuutumia. Mkitoka Tanga mtavuka Horohoro kuingia Lunga Lunga, na mtapita njia panda ya Shimoni kabla hamjafika Mombasa. Shukeni hapo! Laleni Shimoni usiku mmoja, asubuhi mvuke Wasini, halafu ndipo mje mjini. Mtu wa Mombasa akitaka Wasini inambidi aamke alfajiri, avuke feri, aende mwendo mrefu na kurudi usiku amechoka. Nyinyi iko njiani.

Wasini hakuna gari hata moja. Kuna bustani ya matumbawe ya kale iliyo nchi kavu, na kina mama wa kisiwa wamejenga daraja la mbao la kupitia katikati yake. Bamvua ikijaa maji yanaingia mpaka humo ndani, yakipwa unabaki na mawe yaliyochongwa na bahari. Boti za kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite kutazama pomboo zinatokea Shimoni. Na hapo Shimoni msipite pango bila kuingia. Panasimuliwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi. Mimi nilitoka nikakaa kimya muda mrefu.

Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, gari ndilo linalolipa. Epukeni asubuhi na jioni watu wakienda na kutoka kazini. Lakini saa nne au tano hivi, vukeni hata kama hamna safari ng'ambo. Simameni pembeni mtazame meli kubwa ikiingia Kilindini huku feri inaisubiri ipite. Hakuna mahali pengine mtu wa kawaida anaisogelea meli ya namna ile.

#8 LesoNaUbani

Mmesema yote ya wanaume 😊, sasa nami niseme ya kwetu.

Dada wa Nakuru, mpeleke mama Biashara Street. Magoti hayana kazi huko, maduka yamepangana na kila duka lina kiti. Mwambie mwenye duka kwamba mama anachagua leso yake ya kwanza ya Mombasa, uone atakavyokunjuliwa. Usinunue kwa rangi tu. Leso ina pindo, ule ukingo wa kuzunguka. Ina mji, pale katikati. Na ina jina, yale maneno ya chini. Jina ndilo leso. Msomeshe mama majina kumi, ishirini, mpaka apate linalomgusa. Mamangu mzazi alichukua saa moja na nusu kuchagua ya harusi yangu, na hadi leo nikilikunjua lile jina namsikia akilisoma. Inauzwa doti, yaani mbili, na fundi wa kupinda ukingo yuko hapo hapo nje.

Kutoka hapo Marikiti ni karibu. Bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga, vyote vimewekwa wazi kwa mafungu. Nunua kidogo kidogo na unuse kwanza. Mdalasini mzuri unausikia kabla hujaufikisha puani.

Mji wa Kale, dada zangu, jifunikeni mabega na magoti, leso moja mabegani yatosha. Hakuna atakayewafukuza msipofanya, ila mtapokewa tofauti kabisa. Na picha: ombeni kwanza. Kuna watu wanapiga picha kina mama barazani kana kwamba ni sehemu ya ukuta. Mimi nimepigwa nikiwa nimekaa na mwanangu mchanga. Ukiomba, mara nyingi utakubaliwa na utapewa na kahawa juu yake.

Chakula cha jioni: viazi karai na ukwaju, mshikaki, mkate wa mofa. Hotelini hamtavipata hivi.

#9 Kijana_wa_Kongowea

Niseme ya kaskazini, kwa sababu @MwanaKibokoni naona kazi imembana.

Mkitoka kisiwani mkavuka Nyali, makutano ya kwanza makubwa ni Kengeleni. Watu wanapita hapo kila siku na hawaulizi kengele ni ipi. Ipo! Freretown ilianzishwa na wamisionari 1875 kuwapokea watu waliookolewa utumwani, na kengele ile ilipigwa kuwatahadharisha wakati wa hatari. Vizazi vyao wako nasi mpaka leo. Iko pembeni ya barabara yenye magari mengi, dakika kumi zatosha, lakini zichukueni.

Mama Wawili, nyinyi mko Bamburi, Haller Park ni jirani yenu na njia zake ni tambarare, mama atatembea bila shida. Mtoto wa miaka kumi mwambieni kisa hiki kabla hamjaingia. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya simiti, shimo jeupe lisilo na hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ukakubali. Shida ikawa majani yake: yalianguka yakarundikana bila kuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Wakaletwa jongoo. Jongoo wakala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo ukaota msitu mnaouona. Nilipokuwa mdogo niliwaua jongoo kwa fimbo. Tangu nilipokisikia kisa hiki sijawagusa. Mkifika, kabla ya twiga na viboko, inameni chini ya mvinje mfunue majani kwa kijiti.

Ni hapo hapo alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyekwama baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee, jina lake Mzee, kuwa mama yake.

Mkiwa na nguvu, pandeni matatu mpaka Mtwapa mwone Jumba la Mtwana. Mji wa karne ya 14, umeachwa, mibuyu imeota kati ya kuta, na msikiti mmoja uko ukingoni kabisa mwa bahari. Nenda maji yakijaa ukae karibu na kibla usikilize mawimbi. Mara zote nilizokwenda, hatukuzidi watu kumi.

#10 Kijana_wa_Jiji

Swali la kweli kutoka kwangu. Kila mara natafuta machweo ya jua ufukweni na sijawahi kuyapata vizuri. Mnaenda wapi?

#11 Nahodha_Mstaafu

Mwanangu, pwani yetu yatazama mashariki. Jua latoka baharini, halizami baharini. Amka saa kumi na mbili kasorobo uketi mchangani Nyali au Bamburi, ulione likichomoza majini kabla wavuvi hawajarudi. Hilo ndilo letu.

Ya jioni yatafute upande wa bara. Nenda ukingo wa Tudor utazame juu ya mikoko, au panda Nguuni kule nyuma ya Bamburi, kwenye miti ya mikoma, na wanyama kama pofu na mbuni. Wengi wapapenda huko.

#12 Kijana_wa_Jiji

Shukrani mzee. Mara tatu zote nilikuwa nimeuelekea upande usio. Nitaamka.

#13 MamaWawili_Nakuru

Nilisema nitarudi kuwaambia. Tumefika nyumbani jana usiku.

Tulipanga kwa maji. Mwezi ulikuwa mpevu siku mbili kabla hatujafika, kwa hiyo siku ya kwanza kamili tuliamka mapema, saa nne na nusu tuko kwa boti ya kioo. Samaki wenye mistari myeusi na manjano walikuja mpaka chini ya vidole vya mtoto. Mama hakutaka kupanda mwanzoni. Kijana wa boti, Mungu ambariki, alipiga magoti majini akamwambia "bibi, kanyaga bega langu". Akapanda.

Ngomeni tulienda kwa ile michoro. Mtoto wangu mkubwa alikaa chini akaichora kwa daftari lake, meli moja na samaki mmoja, akakataa kuondoka mpaka amalize. Jongoo pia tuliwapata, chini ya majani, wawili, wenye miguu myekundu.

Leso ya mama ilichukua saa mbili. @LesoNaUbani hukunitayarisha kwa hilo! Alisomewa majina yote ya duka moja, tukaingia la pili. Aliyochagua hajaniambia maana yake kwake ni nini, na sikuuliza.

Ya kuharibika yapo pia. Siku ya nne tulijaribu Likoni saa kumi na moja jioni, sikufuata ushauri. Umati ulitubeba na nikampoteza mdogo kwa dakika mbili hivi, dakika ndefu kuliko zote za maisha yangu. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya samaki alikuwa amemshika mkono, amesimama naye kando ya nguzo akinitafuta kwa macho. Msiende saa hiyo na watoto.

Jioni ya mwisho tulikuwa Mama Ngina, chini ya mbuyu. Muuza muhogo aliupasua muhogo kwa urefu, makaa yameubabua nje, ndani mweupe unatoa mvuke. Akachovya nusu ya ndimu kwenye pilipili na chumvi, akausugua muhogo wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaufunga kwa gazeti. Mama akala huku machozi yanamtoka kwa pilipili, hataki kuacha. Meli ya makontena ikapita mbele yetu, karibu hivi kwamba watoto walikuwa wanahesabu watu juu yake. Mama akauliza inatoka wapi. Hatukujua. Akainua mkono akaipungia, na kule juu mtu mmoja akampungia.

#14 MwanaKibokoni

Dada, nimemtumia binamu yangu uzi huu wote. Amesema Desemba anakuja, atafikia kwetu Kibokoni. Na mama mwakani mlete tena, mahamri yatakuwa mezani.